Ni Mkono wa Juu au wa Chini?

Siku ya kwanza walisema mkono wa juu ndio mbovu. Siku ya pili wakasema ni wa chini. Siku ya tatu ukarudi kuwa wa juu, na hapo ndipo Jepkorir alianza kushuku kwamba pengine mbovu ni yeye.

Upinde wenyewe ulikuwa wa babu yake, Kugo Kigen. Haukuwa ule wa mti mmoja ambao wazee wa mlimani huchonga. Huu ulikuja na mzungu mmoja aliyekuwa na shamba kule Endebess, na alipouza shamba mwaka wa sabini na moja akamwachia Kugo kwa sababu Kugo ndiye aliyekuwa akimtafutia mishale ikipotelea kwenye majani. Ulikuwa wa mbao nyekundu katikati, pale pa kushika, kisha mikono miwili inayopinda, mmoja kwenda juu na mwingine kwenda chini, kila mmoja umevikwa faiba ngumu inayong'aa kama kucha. Ncha zake zilijikunja kwenda mbele, ati kama zinataka kutoroka. Miaka hamsini na zaidi, na haukuwa na ufa hata mmoja.

Jepkorir alikuwa kidato cha pili, anakaa na mjomba wake, Anko Kimutai, mtaa wa Matisi, Kitale. Tangu Kugo ashuke kutoka Endebess kuja kutibiwa goti, alikuwa amemfundisha kulenga nyuma ya nyumba, kwenye gunia lililojazwa maganda ya mahindi. Mtoto huyo hakuwa anaongea sana. Darasani akiulizwa jibu analolijua, alikuwa anaangalia dawati mpaka mwalimu achoke. Lakini akishika ule upinde, hata Anko Kimutai alikuwa anaacha kupiga msumari ili amwangalie.

Sasa Jumamosi kulikuwa na mashindano Bungoma. Na Jumatatu, Madam Wilkista, ambaye ndiye alikuwa akiyasimamia na kukagua pinde, alituma ujumbe kwa simu ya Linet, rafiki yake Jepkorir:

"Wenye pinde za zamani, pimeni kabla mje. Tieni kamba. Pimeni kutoka kwa kamba mpaka kwa mkono, pale mbao ya kushika inapoishia, juu na pia chini. Upande wenye nafasi kubwa ndio dhaifu. Tofauti ikipita sentimita moja, upinde huo usiletwe. Ukivunjika utaumiza mtu macho."

Linet alisoma huo ujumbe mara mbili. "Manze, hii ni hesabu ama ni michezo?"

"Ni kupima tu," Jepkorir alisema. "Mahali mbili."

Mahali mbili tu! Angejua.

Siku ya Jumanne baada ya shule, Kugo aliufunga kamba mwenyewe. Kamba ya mzungu ilikatika zamani sana, kwa hivyo Kugo alikuwa amesokota yake kwa nyuzi za nailoni, akaipaka nta ya nyuki. Upande wa juu aliifanya kitanzi. Upande wa chini aliifunga kwa fundo, lile fundo ambalo baba yake alikuwa akifunga kwa mishipa ya ng'ombe. Alilivuta kwa meno mpaka likafika mahali pake pa siku zote.

"Shika," akasema.

Linet akashika upinde, Jepkorir akashika tepu ya Anko. Walianza juu.

"Kumi na tisa nukta sita," Jepkorir akasema, na Linet akaandika kwa kiganja chake. Halafu wakaugeuza ili wapime chini.

"Ngoja! Ngoja!" Kugo aliinua fimbo. "Nyinyi watoto wa siku hizi mnageuza kitu kichwa chini halafu mnaendelea tu? Upinde ikigeuzwa inalala. Vuta kwanza mara tatu. Iamke."

Hivyo ndivyo ilikuwa kwao. Upinde ukigeuzwa, au ukirudishwa na mtu wa nje, lazima uvutwe mara tatu polepole na kurudishwa polepole, bila mshale. Jepkorir alikuwa amefundishwa hivyo kabla hata hajafundishwa kulenga. Akauvuta mara tatu. Kisha wakapima chini.

"Kumi na saba nukta sita."

Linet alitoa namba moja kutoka kwa nyingine, akahesabu na vidole.

"Ni ngapi?" Kugo akauliza.

"Sentimita mbili, Kugo. Mkono wa juu umelegea."

"Umelegea? Uongo! Hiyo tepu imelegea."

Linet alitaka wapime tena palepale, lakini Kugo alikuwa tayari ameshalegeza fundo na kushusha kamba. Kwake upinde ulioachwa na kamba bila kazi unachoka, na ukichoka unakasirika. Mkishapima, mmepima. Mpaka kesho.

Kesho yake, Jumatano, Kugo aliufunga tena, fundo mahali palepale. Siku hiyo Linet aliushika vibaya, ukawa umesimama kichwa chini, na Jepkorir hakutaka kumwambia maana angeonekana anajifanya anajua. Basi wakaanza na mkono wa chini.

"Kumi na tisa nukta mbili."

Wakaugeuza. Wakauvuta mara tatu uamke. Wakapima juu.

Jepkorir aliangalia tepu. Akasogeza kidole gumba. Akaangalia tena.

"Sema basi!"

"Kumi na nane kamili."

"Aii! Kwa hivyo leo ni chini ndio imelegea?"

"Leo ni chini."

"Na jana ilikuwa juu."

"Jana ilikuwa juu."

Waliangaliana. Kuku wa Anko walipita katikati yao wakichakura kwenye maranda ya mbao.

"Labda inapumua," Linet alisema. "Upande huu unavuta pumzi, ule unatoa." Kisha akacheka peke yake, maana Jepkorir alikuwa ameinama, anaangalia mkono wa upinde kutoka mwisho hadi mwisho na jicho moja limefungwa, kama unavyoangalia ubao kama umepinda. Kamba ilipita katikati kabisa ya mikono yote miwili. Hakuna mahali palipojikunja. Hakuna ufa. Upinde haukuwa na neno, ila namba ndizo zilikuwa na maneno mengi.

Jioni hiyo Jepkorir hakula vizuri. Ilikuwa rahisi kuona shida yake ni nini. Upinde mwingine hakuna. Usipokubaliwa Bungoma, hatalenga, na Kugo, ambaye daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba mlima hataupanda tena kwa miguu, ataambiwa kwamba kitu alichokitunza miaka yote hiyo ni kibovu.

Alhamisi Anko Kimutai akaingilia. Alikuwa fundi wa mbao, anatengeneza vitanda na milango pale Matisi, na alikuwa ameshindwa kuvumilia kuona watoto wakipima kitu cha mbao siku tatu.

"Leteni hapa kwa meza. Nyinyi mnapima kama mnapaka mafuta."

Alipima juu. Kumi na tisa nukta sita. Akaugeuza, akataka kuendelea.

"Kimutai!" Kugo aliita kutoka kwa kiti chake.

"Najua, mzee, najua." Akauvuta mara tatu, maana hata fundi ana baba. Akapima chini. Kumi na saba nukta sita.

"Basi!" Anko alipiga meza. "Juu ni dhaifu, chini ni ngumu. Mmoja anavuta, mwingine amekaa tu. Dawa yake ni moja. Huu wa chini tunaupunguza kidogo na msasa, ukikataa tunapiga randa, mpaka uwe mwepesi kama mwenzake."

Akachukua penseli kutoka nyuma ya sikio akachora alama ya X kwa mkono wa chini.

Jepkorir alifungua mdomo.

"Nini?"

"Jana... jana ni huo wa chini ndio ulikuwa dhaifu, Anko."

"Jana ya nani?"

"Ya mimi na Linet."

Anko aliangalia kiganja cha Linet, ambacho bado kilikuwa na wino wa siku mbili. Akaangalia upinde. Akafuta ile X na kidole kilicholowa mate, akachora nyingine kwa mkono wa juu, akaiangalia hiyo pia, akakuna kichwa.

"Kesho nitajua," akasema. "Nitafikiria leo, kesho nipige randa. Upinde hauwezi kunishinda mimi, bana. Mimi nimetengeneza viti vya kanisa nzima."

Kugo alikuwa anajua mbao ya mlimani, anajua unachonga hapa kidogo na pale kidogo mpaka mikono ilingane. Ila hii ya mzungu ilikuwa na hiyo faiba juu, na faiba hakuwahi kuichonga. Aliangalia chini, akisugua goti. Kwa mara ya kwanza Jepkorir aliona kwamba hata yeye hajui.

Ijumaa alipotoka shule alikuta randa imenolewa na upinde umebanwa kwenye jiliwa la meza, na kitambaa chini yake ili usikwaruzwe. Alama ya X ilikuwa kwa mikono yote miwili sasa.

"Nimeamua," Anko alisema. "Tutapunguza yote. Kidogo huku, kidogo huku. Hapo hatuwezi kukosea."

Jepkorir alisimama mlangoni na begi lake mgongoni. Alijua kitu kimoja tu: kinachotolewa na randa hakirudi. Mengine yote hakuyajua. Hakujua ni mkono gani, hakujua kwa nini, hakujua hata kama tepu ni ile ile.

"Anko," akasema.

Randa ilikuwa tayari imegusa faiba.

"Anko, usipige."

Hata yeye alishtuka alivyosikia sauti yake. Anko alisimamisha mkono.

"Ati?"

"Madam amesema... amesema auone kwanza. Kabla ya kuguswa."

Madam hakuwa amesema hivyo. Madam hakuwa amesema kitu chochote, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemwandikia.

"Na si ungesema mapema? Nimenoa hii randa saa nzima!" Anko aliirudisha mezani akiguna. Kutoka kwa kiti chake, Kugo alitoa pumzi ndefu, kama mtu ambaye ametua mzigo.

Basi ikabidi Jepkorir aufanye huo uongo uwe kweli. Alimkimbilia Linet, wakaandika pamoja, wakafuta, wakaandika tena: "Madam, tumepima siku tatu na vipimo vinabadilika. Siku mbili juu, siku moja chini. Tafadhali tunaomba uuone kabla ya kuguswa."

Jibu lilikuja kabla hawajafika kwa mlango: "Uje nao. Msiuguse."

Uwanja wa Bungoma ulikuwa na magunia sita yamesimamishwa kwenye vigingi, na watoto wa shule mbalimbali waliokuwa wakizunguka na pinde mpya za rangi. Madam Wilkista alikuwa mama mfupi, kofia ya mviringo, filimbi shingoni, mtu wa huko Myanga, na alikuwa anaita kila mtu kwa sauti ya sokoni.

"Wewe ndio wa vipimo vinatembea? Kalibu, mama. Reta hapa huyo mgonjwa."

Jepkorir alikuwa ameufunga kamba kama Kugo alivyomwonyesha, fundo mahali pake. Madam alitoa rula yake yenye umbo la T, akaibandika kwa kamba. Alipima juu, akasogeza rula, akapima chini, bila kugeuza kitu, upinde ukiwa palepale mkononi mwake.

"Juu, kumi na tisa na sita. Chini, kumi na tisa na mbiri." Akainua uso. "Sasa shida iko wapi? Huyu ni mzima."

"Lakini Madam..." Jepkorir alionyesha rula kwa kidole. "Haziko sawa. Kuna nne."

"Nne za mirimita! Hizo ndizo tunataka. Mshare hukaa juu ya mkono wako, si ndio? Na vidore vinavuta huku juu. Kwa hivyo wa chini lazima awe mgumu kidogo ndio wote wafike nyumbani pamoja. Ukiona ziko sawa kabisa, hapo ndio uniulize."

Jepkorir aliitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa. Linet pia aliitikia kwa kichwa, na yeye hakuwa amesikiliza.

"Kwa hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi tulikuwa tunapima nini?" Linet akauliza.

"Hiyo muurize aliyekuwa anapima." Madam alimrudishia Jepkorir upinde. "Enda uandikishe jina."

Jepkorir aliupokea. Na kwa sababu ulikuwa umerudishwa na mtu wa nje, akauvuta, hata bila kufikiria. Mara moja, polepole. Mara mbili. Mara tatu.

"We! Unafanya nini hapo?"

"Tunauamsha, Madam. Ni... kwetu ukirudishiwa na mgeni lazima uuamshe."

Madam alikuwa ameshageuka kwenda kwa mtoto mwingine, lakini akasimama. Akaangalia upinde na macho yaliyofinywa, jinsi mama anavyoangalia sufuria ambayo haikuwa na tundu jana.

"Hebu rudisha."

Akaweka rula. Juu: kumi na nane kamili. Akasogeza. Chini: kumi na saba na sita.

Madam alipanguza rula kwa sketi, kana kwamba rula ndiyo ilikuwa na makosa, akapima tena. Kumi na nane. Kumi na saba na sita.

"Hiyo kumi na nane naijua," Linet alisema kwa sauti ya chini, akiangalia kiganja chake. "Na hiyo kumi na saba nukta sita pia naijua."

"Yesu wangu," Madam alisema. "Sasa hata mimi nimechanganyikiwa."

Jepkorir alikuwa anaziangalia hizo namba kichwani. Zilikuwa zilezile za wiki nzima, ila leo zote zilikuwa zimekuja siku moja. Zile kubwa zilikuja kwanza. Zile ndogo zilikuja baada ya kuvuta. Jumanne walianza juu, juu ikawa kubwa. Jumatano walianza chini, chini ikawa kubwa.

"Madam," akasema, na sauti ilitoka kidogo sana mpaka ikabidi arudie. "Madam, naomba kalamu."

Alichora mstari mweusi kwa kamba, pale tu inapotoka kwenye fundo la Kugo. Akauvuta upinde mara tatu. Wote watatu wakainama.

Mstari ulikuwa umesogea kutoka kwa fundo, kiasi cha punje ya mahindi.

"Inateleza!" Linet alipiga kelele. "Fundo inaachilia kamba! Kila ukivuta kamba inakuwa ndefu!"

"Na kamba ikiwa ndefu inashuka karibu na mikono, yote miwiri," Madam alisema. "Mnapima mmoja ikiwa juu, mnapima mwenzake ikiwa imeshuka. Halafu mnasema mwenzake ni mbaya. Aki nyinyi! Na mlitaka kuukata?"

"Randa ilikuwa imenolewa," Linet alisema.

Madam alifungua mkoba wake akatoa kamba nyeusi, mpya, yenye kitanzi huku na kitanzi huku. "Hii haina fundo. Toa hiyo, weka hii, nikupitishe."

Lakini Jepkorir hakusogea.

"Nini tena?"

"Hiyo kamba ni ya Kugo. Lazima nimwambie."

Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kumwambia Anko usipige randa ilikuwa kitu kimoja. Kumwambia Kugo kwamba shida ni fundo lake, tena kwa simu, watu wakisikia, ilikuwa nyingine kabisa. Linet alipiga, akamwekea simu sikioni maana Jepkorir alikuwa bado ameshika upinde.

"Chepto, msichana wangu," Kugo alisema. "Wamekataa?"

"Hapana, Kugo. Upinde ni mzima. Mikono yote ni mizima."

"Sasa?"

"Ni..." Alifunga macho. "Ni fundo, Kugo. Linateleza. Tukiuvuta mara tatu, linaachilia."

Kwa nyuma alisikia nyundo ya Anko, halafu nyundo ikasimama.

"Hiyo fundo ni ya baba yangu," Kugo alisema mwishowe. "Haijawahi kuteleza. Hata siku moja. Hata kwa mvua."

"Ndio, Kugo."

"Yeye alikuwa anafunga na mishipa ya ng'ombe." Jepkorir alimsikia akifikiria, akipumua na pua. "Mishipa ikikauka inajiuma. Inashikana yenyewe. Sasa hii nailoni..." Alitoa sauti ambayo Jepkorir hakujua kama ni kicheko ama ni nini. "Na mimi nikaipaka nta, ati iwe nzuri! Hii nailoni haina meno, chepto. Nimefunga samaki."

"Madam ako na kamba ingine. Naweza kubadilisha?"

"Unaniuliza mimi? Mimi ambaye nilikuwa nangoja Kimutai achonge mali yangu kwa sababu sikujua la kusema?" Akakohoa. "Badilisha. Fundo usikate. Fungua pole."

Alilifungua kwa kucha, pole. Kamba mpya iliingia. Madam alipima, akavuta mara tatu yeye mwenyewe, akapima tena, na namba zikabaki palepale. Akaandika jina kwenye orodha, akaliita kwa sauti mpaka watoto wa upande wa pili wakageuka: Jepkorir wa Kitale, upinde wa zamani, umepita.

Alisimama kwa mstari. Aliweka mshale, akalenga pale pale alipokuwa analenga siku zote, katikati ya gunia, kidogo juu, akaachilia.

Mshale ulipita juu ya gunia. Ulipita juu ya kigingi pia. Ulienda ukaanguka huko kwenye majani, na mzee aliyekuwa anafunga mbuzi wake akahama.

"Woi!" Linet alisema.

Jepkorir aliangalia upinde. Aliangalia gunia. Hakuelewa hata kidogo. Mkono ulikuwa ule ule, jicho lile lile. Alipiga wa pili, na wa pili nao ukapita juu.

"Madam, sasa ni nini tena? Umeharibika?"

Madam Wilkista alikuwa amesimama nyuma yake, amekunja mikono, anacheka mpaka filimbi inaruka kifuani.

"Haujahalibika. Hiyo kamba ya nailoni ilikuwa inakuibia nguvu, inanyooka kama chingamu. Umezoea kulenga juu ndio ufike. Sasa upinde uko na nguvu yake yote, na wewe bado unalenga wa zamani. Teremsha mkono."

"Kiasi gani?"

"Sijui! Mimi nimepima upinde, sijakupima wewe. Teremsha uone."

Alibaki na mishale minne. Aliteremsha mkono mpaka ncha ya mshale ikawa chini ya gunia kabisa, kwenye majani, mahali ambapo akili yake yote ilikuwa inamwambia kwamba ni makosa. Alikaa hivyo kwa muda, hajui, halafu akaachilia. Safari hii yule mzee wa mbuzi hakuhitaji kuhama, na gunia likalia pu.